Chiriku wa Sikio la Kushoto

Aarhus, 12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na mama hajambo? Magoti yake yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, isipokuwa mafua ya huku hayana adabu, yakiingia hayaagi. Kondoo wameshashuka wote mlimani, au yule mweusi bado anawakimbiza?

Baba, nimesikia habari, na sikuisikia kwako. Mama ameniambia kwenye simu kwamba chama cha ngoma kimeamua kurekodi tenzi zetu za duarani, zinazochezwa kwa vishindo vya miguu bila ala, na kwamba mtamleta fundi kutoka mjini Tórshavn, kisiwa kingine, huyo Rógvi. Mna binti aliyekulia kwenye sakafu hiyo hiyo mnayoikanyaga, aliyesomea kurekodi, anayelala na kuamka na kazi hiyo, nanyi mnavuka bahari kutafuta mgeni? Umeniudhi, nakwambia wazi.

Najua kitakachosemwa. Rannvá haoni. Ni kweli sioni, wala sijaona tangu nizaliwe, na hadi leo kazi haijanishinda kwa hilo. Mausi siigusi. Kompyuta yangu ina programu inayonisomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mimi nabonyeza vitufe, yenyewe inaniambia niko wapi: mstari wa tatu, maikrofoni ya mlangoni, sauti imepanda mno. Nimeipa jina la Chiriku kwa sababu hainyamazi, na nimeiharakisha hadi mtu mwingine akiisikia anadhani ni cherehani. Chiriku anakaa sikio la kushoto, muziki unakaa sikio la kulia, nami nafanya kazi katikati yao. Hivyo ndivyo nilivyofanya tangu nilipoanza.

Waombe watu wa chama wanipe. Kazi hii naitaka kuliko kitu chochote. Nimewasafishia watu wa Aarhus rekodi za kwaya zao na bendi zao, lakini kama watu wa kwetu hawaniamini, wa kuniamini ni nani?

Mkumbatie mama.

Mwanao,
Rannvá

*

Suðuroy, 21 Januari

Mwanangu mkali,

Salamu zako zimefika, za moto. Sisi wazima. Magoti ya mama yako yanalalamika, naye analalamika juu ya magoti, basi nyumba haina upweke. Kondoo mweusi bado yuko huru na ananenepa.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa nitaandikiwa barua kama ile. Sasa nimeandikiwa, na mama yako amenisomea kwa sauti huku akifuma soksi na kucheka peke yake.

Jana nilisimama kwenye mkutano. Unajua mimi kuongoza ngoma sioni haya, lakini kuongea mkutanoni natetemeka. Nikawaambia, Rannvá anaitaka kazi hii. Beinta, mwenyekiti wetu, ambaye tangu alipostaafu posta anatuendesha sisi kama vifurushi, akavua miwani.

"Dánjal," akasema, "Rannvá nampenda kama wa kwangu. Aje aimbe, aje acheze, nafasi yake kwenye duara ipo. Lakini mitambo ile ina vitaa vyekundu, na vikiwaka lazima mtu avione. Nani ataviona?"

"Chiriku ataviona," nikamjibu.

"Wewe leo umeanza kunywa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Lakini sikukaa chini, na mwisho wakakubali hivi: kwenye ngoma iliyopita mwalimu wa shule alitega maikrofoni nne, moja kila pembe ya nyumba ya ngoma. Utaletewa sauti zile kama zilivyo, na Rógvi ataletewa zile zile. Kila mmoja atengeneze utenzi mmoja, ule wa mfalme aliyekataa kumwoza binti yake. Tutasikiliza nyumba nzima, kisha tutachagua.

Mwanangu, mimi ni baharia mstaafu, haya mambo ya kompyuta siyajui. Najua tu kwamba ulipokuwa mdogo uliweza kumtaja kila mtu kwa kishindo cha mguu wake. Nimewaambia hivyo. Usiniaibishe.

Baba yako

*

Aarhus, 5 Februari

Baba,

Hamjambo wote? Mafua yameondoka, nadhani yaliona nina kazi.

Huu hapa utenzi. Nimeukata, nimeusafisha, nimeupanga upya mara nyingi hadi Chiriku mwenyewe angekuwa na koo angekuwa amekauka. Yule anayekohoa kila ubeti wa tatu nimemtoa. Mwambie Beinta anywe chai ya moto. Vishindo vya miguu, ambavyo maikrofoni za mwalimu ziliviacha huko chini kabisa, nimevitafuta na kuvipandisha mpaka unaisikia sakafu. Na sauti yako, Baba, nimeiweka mbele ya watu wote kama inavyostahili kiongozi.

Sijivuni. Aa, najivuna. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki, na huyo Rógvi namhurumia.

Tegeni zile spika kubwa za nyumba ya ngoma, mkae wote, msikilize. Kisha uniandikie siku hiyo hiyo. Sitalala.

Mwanao anayejivuna,
Rannvá

*

Suðuroy, 18 Februari

Rannvá wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi hatujambo.

Nimechelewa kuandika, na wewe si mtoto, umeshaelewa. Wamemchagua Rógvi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ukweli wote ni bora kuliko nusu. Tulikaa. Kazi ya Rógvi ilitangulia. Safi, imenyooka, haina kosa, na sikuhisi chochote. Kisha wakaweka yako. Mwanangu, niliposikia miguu ile nilisisimka mwili. Ilipokwisha nilianza kupiga makofi kwa nguvu, na nikajikuta napiga peke yangu.

Beinta alikuwa amesimama muda mrefu, anagusagusa spika ya upande wa mlango. "Hii imekufa?" anauliza. Wakabadilisha waya. Wakabadilisha spika yenyewe. Haikuwa spika. Watu wote uliowapanga walikuwa wamerundikana kulia, upande wa dirisha, na upande wa mlango palikuwa na mnong'ono tu. Mimi sikujua. Sikio langu la kushoto unajua liliishia kwenye chumba cha injini, miaka ile ya meli. Kwangu mimi kazi yako haikuwa na dosari.

Laiti wangecheka. Hawakucheka. Walisema kwa upole, "Amejitahidi, maskini," na mimi nikachukua kofia yangu nikatoka. Neno lile "maskini" bado limenikaa kooni.

Usikate tamaa. Andika.

Baba yako anayekupenda

*

Suðuroy, 9 Machi

Rannvá,

Hujambo? Maana sijui. Simu hupokei, barua hujibu. Mama yako amefuma soksi mpaka sufu imekwisha, sasa ananifumulia sweta langu.

Tumekutumia paja la kondoo la kukaushwa kwa upepo, la mwaka jana, lile zuri. Likifika, utakula. Ukishakula, utaandika hata neno moja tu. Hata tusi.

Baba

*

Aarhus, 17 Machi

Baba, mama,

Mnisamehe. Mimi mzima sasa. Paja limefika, na harufu yake yote. Jirani wa chini amepiga simu kwa mwenye nyumba kwamba kuna mnyama amekufa ukutani, na mimi nimelikata hapa mezani, nalila na rojo ya mama ya rabarba, ile mboga chachu ya bustanini, na nimelia kidogo kwa furaha ya chumvi.

Kwanza nilikasirika. Niliikunja kompyuta nikaiweka kabatini, nikajiambia narudi kwenye kinanda cha kanisa, ambako sitakosea mahali pa kumweka mtu yeyote. Neno la "maskini" lilinila. Nilikuwa naamka nalo.

Kisha siku moja nilikuwa naosha vyombo, hedifoni masikioni, nasikiliza utenzi ule kwenye simu. Chiriku alikuwa kabatini na kompyuta yake. Muziki masikio yote mawili. Baba, niliidondosha sahani. Niliwasikia! Wote wamejibana kulia, kushoto kweupe, kama mashua ambayo abiria wote wamekimbilia upande mmoja.

Unaona kosa liko wapi? Miaka yote hii sikio la kushoto nimemkodishia Chiriku. Muziki nimeusikiliza kwa sikio la kulia tu, na kila sauti niliyoipenda niliivuta kule kwenye sikio lililokuwa likisikiliza. Kwaya za hapa Aarhus hazikuonyesha, kwa sababu zilikuja zimeshapangwa, mimi nasafisha tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuwapanga watu mwenyewe. Si macho yaliyoniangusha, ni tabia ya kazi! Mtu anayeona, asiye na Chiriku sikioni, asingeweza kulifanya kosa hili hata angetaka. Nilicheka peke yangu jikoni na vigae vya sahani miguuni.

Sasa Chiriku nimemhamisha. Anaongea kwenye kispika kidogo juu ya rafu, nyuma ya kisogo changu, na muziki umerudishiwa masikio yangu mawili. Wiki ya kwanza nilipotea njia kila dakika. Sasa vidole vinajua.

Nimeutengeneza utenzi upya, huu hapa. Lakini usiupeleke chamani, Baba. Sitaki kuombewa. Mpe mama asikilize, yeye ana masikio mazima. Akisema ni mzuri, nitatosheka.

Mwanao,
Rannvá

*

Suðuroy, 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wazazi wako wawili na masikio yao matatu.

Mama yako alisikiliza amesimama. Mwisho akaketi, akasema, "Nimesikia nilipokuwa nimesimama siku ile. Niko kushoto, karibu na jiko, na Sigvald ananikanyaga." Kisha akafuta macho akanifokea bila sababu. Basi ni mzuri.

Sasa nikuchekeshe. Rógvi amekuja. Kijana mwema, ana mitambo ya kujaza gari. Tukaunda duara, tukaanza, na ubeti wa pili akatusimamisha. Miguu yetu inatikisa maikrofoni zake. Akaomba, kwa adabu sana, tuvue viatu. Rannvá, wanaume wa miaka sabini tumecheza na soksi za sufu kama wezi waliomo nyumbani mwa watu. Beinta akateleza, akaondoka na watatu. Kisha akaomba tusicheze kabisa, tusimame tu mstari mmoja na tuimbe. Mimi naongoza tenzi hizi tangu nikiwa na nywele, na ubeti wa tisa ukanitoka kichwani. Wa kumi nao ukafuata. Maneno yamo miguuni, mwanangu, si kichwani.

Hapo nikavunja amri yako. Nisamehe, au usinisamehe. Nilikuwa na utenzi wako kwenye simu. Nikamwambia Rógvi, "Hebu sikiliza hii." Akaiweka kwenye spika zake. Akaisikiliza yote, na mara akaanza kutembea nyumba nzima, kona hadi kona. Akauliza, "Nani amefanya hii?"

"Yule maskini," nikasema. Nilimtazama Beinta.

Rógvi akasema, "Mwiteni. Mimi sijui kuirekodi sakafu, na huyu anajua. Nitambebea waya."

Beinta alikuwa bado anakanda nyonga yake. Akakubali, ila kwa sharti: pawe na skrini kubwa mezani na Rógvi akae ubavuni mwako aiangalie, kwa usalama. Nilitaka kubisha. Mama yako alinikanyaga.

Utakuja?

Baba yako asiyesikia amri

*

Aarhus, 4 Aprili

Baba,

Salamu kwa wote. Nimesoma, nimekasirika, nimecheka, nimekata tiketi.

Skrini waweke hata kumi. Nahitaji mtu wa kunifungulia ghala la nyavu chini ya nyumba ya ngoma, maana maikrofoni moja nitaitundika huko, chini ya mbao, mnapokanyaga. Na asivue kiatu mtu yeyote.

Nakuja na meli ya Jumatano.

Rannvá

*

Aarhus, 20 Mei

Baba na mama wapenzi,

Nimefika salama. Bahari ilikuwa tulivu, mimi ndiye sikutulia. Mama, sweta ulilonifumia halinibani, acha wasiwasi. Hamjambo lakini?

Tenzi zote tano ziko tayari, na nimezifunga na barua hii. Kabla hamjasikiliza, Baba, kuna jambo sikukusimulia nilipokuwa nyumbani, kwa sababu Rógvi alinisihi ninyamaze mpaka kazi iishe. Aliona aibu.

Unaukumbuka ule utenzi mrefu wa Jumamosi mchana, mlipofika mahali mfalme anatoa upanga na watu wote wakaanza kukanyaga kama wanataka kuvunja nyumba? Wewe ulikuwa ndani ya duara. Mezani kwangu hali ilikuwa hivi. Chiriku amerudi sikioni ili sauti yake isirekodiwe, ananiambia mstari mmoja mmoja kama kawaida, nami nimetulia kuliko nilivyowahi kutulia. Mara Rógvi akanishika bega kwa nguvu. Akaninong'oneza:

"Rannvá, kumekwisha. Imezimika."

"Nini imezimika?"

"Kila kitu. Skrini nyeusi! Wasimamishe!"

Baba, ngoma ile huwezi kuianza mara ya pili siku hiyo hiyo. Unajua. Watu walikuwa wameshapandwa na mori. Nikabonyeza kitufe kumuuliza Chiriku, akanijibu. Nikakichomoa kispika sikioni mwangu nikakitia sikioni mwa Rógvi.

"Anasema nini?" akanong'ona. "Hii ni lugha gani?"

Nilikuwa nimesahau kwamba watu wengine hawamwelewi kwa kasi ile. Nikampunguzia mwendo, nikampunguzia tena, mpaka Chiriku akawa anaongea kama kasisi wa Krismasi: inarekodi, mistari yote minane, hakuna kilichopita kiasi. Nikamsikia Rógvi anarudi kuketi taratibu. Mikanyago yenu ilikuwa imeung'oa waya wa skrini, basi. Skrini ilikuwa pale kwa ajili yenu. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi na mimi.

Akaniuliza, "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamwambia, "Kacheze."

Ndipo akaja kushika mkono wa mama kwenye duara. Mlidhani amechangamka tu.

Nawaogopa ninyi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Sikilizeni, mniambie kweli.

Mwanenu,
Rannvá

*

Suðuroy, 10 Juni

Mwanangu Rannvá,

Salamu nyingi kutoka kwa kijiji kizima. Nimeagizwa salamu na watu wengi kiasi kwamba nikiziandika zote sitabaki na nafasi. Sisi wazima, magoti ya mama yako pia, na utaona kwa nini.

Kwanza nikurudishie kisa chako. Beinta aliiona skrini ikizimika. Mimi nilimwona kutoka kwenye duara: amesimama mlangoni, mikono kichwani, mdomo wazi. Nilijua kuna balaa. Kisha nikakutazama wewe, na uso wako haukuwa na kitu chochote, umetulia kama mtu anayesikiliza hodi ambayo aliitarajia. Nikasema moyoni, kama Rannvá hajatusimamisha, sisimami. Nikaupandisha ubeti uliofuata juu zaidi. Sikuwa najua lolote. Nilikuamini tu.

Juzi tulikusanyika kusikiliza. Beinta alipanga viti kwa safu kama kanisani. Watu wamevaa vizuri, chai na keki ubavuni, kila mtu amejiandaa kusikiliza kistaarabu. Kazi yako ikaanza.

Tulikaa beti nne. Wa tano, Sigvald mguu ukaanza kumtoroka. Wa sita, kiti kimoja kikasogezwa, kikafuata cha pili, na mara hakuna aliyeketi. Viti vilirushwa ukutani, keki moja ilikanyagwa, duara likafunga. Tulicheza juu ya sisi wenyewe, Rannvá! Tulio sakafuni na tulio kwenye spika tulikanyaga pamoja, na hukuweza kujua kishindo kipi ni cha leo.

Na mimi nilifungua mdomo niongoze, kama nilivyoongoza maisha yangu yote. Nikakuta tayari naongoza, kule kwenye spika. Hakuna aliyenihitaji. Nikaufunga mdomo. Mwanangu, sijawahi kuicheza ngoma yetu bila kubeba ubeti unaofuata kichwani. Sikujua ikoje. Nilimshika mama yako mkono nikamfuata tu, kama kijana aliyekuja kutafuta mchumba, na nililia mbele za watu na sikujali. Mama yako anasema nacheza vizuri kuliko alivyodhani. Miaka yote hii alikuwa hajapata nafasi ya kujua.

Tulipokwisha, nyumba nzima inahema, Beinta akaja kwangu na miwani mkononi. Nilijiandaa.

"Dánjal," akasema, "zimebaki tenzi zaidi ya sitini. Wazee wanaozijua wanatuishia. Mwandikie Rannvá."

"Nimwandikie nini?"

"Mwulize anakuja lini."

Nilisubiri, nikidhani lipo neno jingine, la vitaa, au la mtu wa kukaa ubavuni mwako. Halikuwepo. Akavaa miwani, akaenda kuokota keki sakafuni.

Basi nakuuliza, kwa niaba ya chama: unakuja lini?

Baba yako